Isotopu za Maji ya Mvua

Isotopu za maji ni alama za asili zinazosaidia kutambua maji yalikotoka, njia yaliyopitia angani na hali ya hewa iliyokuwapo yalipodondoka. Kila molekuli ya maji ina atomi mbili za hidrojeni na moja ya oksijeni, lakini atomi za elementi moja huweza kutofautiana uzito; aina hizo za uzito tofauti ndizo isotopu. Katika kila atomi 1,000 za oksijeni, karibu mbili ni oksijeni-18, nzito kuliko oksijeni-16 ya kawaida. Hidrojeni nayo ina isotopu nzito, deuteriamu: takriban atomi 156 katika kila atomi milioni moja za hidrojeni ya maji ya bahari.

Uwiano unavyobadilika

Maji mepesi hugeuka mvuke upesi zaidi, kwa hiyo mvuke wa baharini huwa mwepesi kuliko bahari yenyewe. Unapopoa na kuwa matone, molekuli nzito hutangulia kudondoka. Wingu likielekea bara au likipanda mlima, kila mvua linayoiacha njiani hulipunguzia sehemu ya maji yake mazito. Mlimani, oksijeni-18 kwa kawaida hupungua kwa sehemu 0.15 hadi 0.5 kwa elfu kila mita 100 za mwinuko. Ndiyo maana chemchemi ya bondeni yaweza kuonyesha kwamba maji yake yalinyesha juu mlimani.

Vipimo

Maabara hulinganisha sampuli na kipimo cha kimataifa cha maji ya bahari. Mwaka 1961 Mmarekani Harmon Craig alionyesha kwamba, katika maji ya mvua na theluji duniani kote, deuteriamu na oksijeni-18 hupanda na kushuka pamoja kwa kufuata mstari mmoja. Maji ya ziwa yaliyopungua sana kwa jua huuacha mstari huo. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki na Shirika la Hali ya Hewa Duniani yameratibu ukusanyaji wa sampuli za mvua. Entebbe na Dar es Salaam zimekuwa miongoni mwa vituo vya mpango huo.

Kusoma tabianchi

Kwenye ncha za dunia, theluji huwa nyepesi zaidi kadiri baridi inavyozidi. Barafu ya Dome C, Antaktiki, imehifadhi kumbukumbu hiyo kwa miaka 800,000. Karibu na ikweta, Willi Dansgaard wa Denmaki alieleza mwaka 1964 kwamba wepesi huo hufuata zaidi wingi wa mvua. Kwa hiyo badiliko lilelile laweza kumaanisha baridi kule na masika makubwa huku. Barafu ya Kilimanjaro, ambayo timu ya Lonnie Thompson iliichimba mwaka 2000, ina ugumu huo: iko juu na kwenye baridi, lakini katika tropiki. Hata umri wake, uliokadiriwa kufikia miaka 11,700, umebishaniwa.

Umri wa maji ya ardhini

Tritiamu, hidrojeni yenye mnururisho, hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12.3 hivi. Majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliiongeza mno angani hadi kilele cha mwaka 1963. Maji ya kisima yasiyo na tritiamu kwa kawaida yalinyesha kabla ya majaribio hayo. Anayeyavuta kwa pampu kila siku anatumia akiba ambayo masika ya mwaka huu hayatairudisha.