Dakika Tano za Sir Leonard

Mwezi Julai mwaka 1958, katika kiwanda cha magari cha Longbridge karibu na Birmingham, Uingereza, mzee mmoja mkali aitwaye Sir Leonard Lord aliingia ndani ya gari dogo la majaribio na kulizungusha katika barabara za kiwandani. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa shirika la British Motor Corporation, lililokuwa kubwa kuliko mashirika yote ya magari nchini mwake. Inasimuliwa kwamba hakukaa kwenye usukani zaidi ya dakika tano. Aliposimama akashuka, akamwambia mhandisi wake kwamba anataka gari hilo liwe linatengenezwa kiwandani katika muda wa miezi kumi na miwili. Hakuomba ripoti wala kuitisha kikao. Tarehe 26 Agosti 1959 gari lile, Mini, lilitangazwa kwa ulimwengu, na halikuacha kutengenezwa mpaka tarehe 4 Oktoba 2000, baada ya kutoka magari zaidi ya milioni 5.3.

Nimezifikiria dakika tano hizo mara nyingi, kwa sababu kazi yangu ya miaka mingi ilikuwa ya kutoa hukumu kwa muda mfupi. Nilikuwa mkufunzi katika chuo cha ualimu kabla ya kuwa mkuu wa shule, na mkufunzi ni mtu anayekaa dawati la nyuma kwa dakika arobaini, daftari magotini, akimtazama mwanachuo anafundisha, kisha anaandika alama itakayomfuata yule kijana maisha yake yote. Kwa hiyo habari za kujaribu kitu kabla ya kukipokea si habari za magari peke yake kwangu, ingawa magari nayapenda.

Mhandisi niliyemtaja ni Alec Issigonis. Alizaliwa mwaka 1906 huko Smyrna, mji ambao leo ni Izmir nchini Uturuki. Baba yake alikuwa Myunani mwenye uraia wa Uingereza, na mama yake alikuwa na asili ya Kijerumani. Vita vya mwaka 1922 viliwatoa huko, na kijana akaishia London kusomea uhandisi katika chuo cha Battersea. Huko alishindwa mtihani wa hisabati mara tatu. Walimu wenzangu mtanisamehe nikisimama kidogo hapa. Nimekaa katika mikutano mingi ambamo kijana wa namna hii alipigiwa mstari mwekundu kabla chai haijapoa. Issigonis alikuwa akifikiri kwa kuchora. Alichora kwa mkono, hata kwenye karatasi yoyote iliyokuwa karibu, na wenzake ndio waliogeuza michoro ile kuwa vipimo.

Chanzo cha Mini kilikuwa petroli. Mwezi Julai 1956 Rais Nasser wa Misri aliutaifisha Mfereji wa Suez. Vita vikafuata, mfereji ukafungwa, na ilipofika Desemba Waingereza walikuwa wakigawiwa petroli kwa kuponi. Watu wakaanza kununua vigari vya Kijerumani vilivyofanana na yai, vinavyokunywa kidogo. Sir Leonard hakuvipenda hata kidogo, akaagiza litengenezwe gari dogo lililo gari kweli kweli. Sharti lake lilikuwa moja: litumie injini iliyokwisha kuwapo kiwandani. Issigonis akailaza injini kwa upana, akaweka giaboksi chini yake vikitumia oili moja, akavuta kwa magurudumu ya mbele, na magurudumu yenyewe akayafanya ya inchi 10 tu. Gari zima lilikuwa na urefu wa mita tatu na ushei, na watu wazima wanne walienea ndani.

Sasa, majaribio. Magari ya kwanza ya majaribio yalikuwa na injini ya sentimeta za ujazo 948, nayo yalivuka maili 90 kwa saa, yaani kilometa 145 hivi. Wakubwa walishtuka. Kwa gari la familia la mwaka 1958 mwendo huo ulionekana ni hatari, wakaipunguza injini hadi 848. Hata hivyo majaribio yale hayakuonyesha kila kitu. Majira ya joto ya mwaka 1959 yalikuwa makavu kupita kawaida, na gari likafika kwa wanunuzi bila kuogeshwa na mvua ya kutosha. Mvua zilipoanza, maji yakaingia sakafuni. Mabati ya sakafu yalikuwa yameungwa kwa namna ambayo mdomo wa kiungo ulitazama mbele, ukawa unachota maji ya barabarani kama upawa. Wateja walioshangilia mwezi Agosti walikuwa wakikausha mazulia ilipofika baridi. Dakika tano za Sir Leonard, tena mwezi Julai, zisingeweza kulijua hilo.

Mtu aliyeijaribu Mini kwa namna nyingine kabisa alikuwa John Cooper. Karakana yake ilitengeneza magari ya mashindano yenye injini nyuma ya dereva, na kwa magari hayo Jack Brabham alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1959 na 1960. Cooper alipata Mini moja mapema, na mwezi Septemba 1959 yeye na dereva Roy Salvadori wakaenda nayo mpaka Monza, Italia, kwenye mashindano makubwa. Mwenzao Reg Parnell alisafiri na Aston Martin DB4, gari la bei ya matajiri. Cooper alipenda kusimulia kwamba Mini ilitangulia kufika, tena kwa saa nzima hivi. Hilo ndilo ninaloliita jaribio: nchi kadhaa, milima ya Alps, usingizi, mizigo. Aliporudi alijua kitu ambacho hata aliyelibuni hakukijua, kwamba ndani ya kigari kile cha kwenda sokoni mlikuwa na gari la michezo.

Issigonis hakukubali. Yeye alitaka gari la watu wa kawaida, na wazo la kulitia mbio lilimchosha. Cooper akampita, akaenda kwa George Harriman aliyekuwa juu yake, na Harriman naye alipoendesha gari alilotayarishiwa akaruhusu yatengenezwe 1,000. Cooper akapatana kulipwa pauni 2 kwa kila gari litakaloitwa kwa jina lake. Mini Cooper ikatoka mwaka 1961 na injini ya 997, nguvu za farasi 55 badala ya 34 za ile ya kawaida, na breki za diski mbele. Kufikia mwaka 1964 Paddy Hopkirk alishinda Monte Carlo kwa Cooper S. Timo Mäkinen akashinda 1965, Rauno Aaltonen 1967. Mwaka 1966 Mini zilishika nafasi tatu za kwanza, zikafutwa zote kwa sababu ya taa za mbele, na mpaka leo Waingereza hawajaacha kunung'unika.

Huku kwetu hadithi ilikuwa tofauti. Mashindano ya Safari yaliyoanza mwaka 1953, na ambayo miaka ile yalizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, Mini haikupata kuyashinda kamwe. Sababu yake mtoto yeyote wa kijijini angeweza kuieleza: magurudumu ya inchi 10 katika korongo la masika yanatumbukia, hayapiti. Waliovuma kwetu ni Volkswagen na Peugeot 404. Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika na wengine kabla yao. Nalitaja hilo kwa ajili ya wale wanaodharau gari la mkono wa pili.

Lakini Mini zilikuwapo mijini, nami nilipata kuijaribu moja. Ulikuwa mwaka 1982, nikifundisha chuo kimoja mkoani Tanga. Petroli ilikuwa adimu, magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana, na mtu aliyenunua gari wakati huo alionekana ama tajiri ama hana akili. Daktari mmoja mzee aliyekuwa anastaafu alikuwa anauza Mini Cooper yake, nyekundu, paa jeupe. Fedha nilikuwa nazo, ila zilikuwa fedha za mabati. Nyumba tuliyokuwa tunajenga kijijini ilikuwa imesimama kuta tupu, na mke wangu alikuwa amehesabu mabati moja moja. Hakunikataza. Aliniambia, "Baba Neema, wewe nenda kalijaribu. Ila umchukue Mzee Dereva."

Mzee Dereva ndiye aliyeendesha lori la chuo. Hakujua habari za Monte Carlo. Alipofika kwa daktari jambo la kwanza aliweka kiganja juu ya boneti. Lilikuwa baridi, akafurahi. Alisema mwuzaji anayelipasha gari moto kabla hujafika ana neno anakuficha. Kisha akachomoa kijiti cha oili, akaisugua oili vidoleni na kuitazama juani, kwa muda mrefu kuliko nilivyoona ni adabu. Katika Mini oili ya injini ndiyo ya giaboksi, kwa hiyo meno ya gia yakisagika, unga wake utauona hapo. Tukaondoka.

Sitaficha kwamba nilifurahi kupita kiasi. Unakaa chini kabisa, barabara iko karibu na makalio yako, na usukani unatii kabla hujamaliza kufikiri. Katika kona gari halilali. Linageuka zima zima kama kikombe mezani. Nilikuwa na miaka thelathini na miwili, na kwa robo saa mabati niliyasahau. Mzee Dereva hakusema kitu. Alinielekeza barabara ya changarawe, akanisimamisha kwenye mlima niondoke tena kwa klachi, akanirudisha kinyumenyume. Mwisho akamwambia daktari kwa upole, "Mzee, tutarudi siku ya mvua."

Daktari akacheka, akakubali. Tulirudi mwezi Aprili, masika imekolea. Kwenye dimbwi la kwanza lililofika nusu ya gurudumu, injini ikakohoa, ikazima. Mzee Dereva alishuka bila haraka, akafungua boneti akanionyesha: kwa kuwa injini imelala kwa upana, distribyuta iko mbele, nyuma tu ya wavu wa kuingiza hewa, na maji yakirushwa yanaipiga usoni. Akaikausha kwa shuka lake, tukawaka. Siku ya pili yake alikata kipande cha mpira wa ndani wa tairi la lori, akakifunga pale kama aproni. Gari halikuzima tena kwa mvua.

Nililinunua, na bei ilipunguzwa kwa sababu ya dimbwi lile. Mabati yalikuja miaka miwili baadaye. Mke wangu alipanda Mini ile miaka sita, magotini akishika mara mtoto, mara kapu la maembe, na sikuwahi kusikia akiisifu. Ila ilipouzwa alikwenda kuiaga.

Tangu siku ile nilianza kuomba jambo ambalo wakuu wa chuo hawakulipenda kwa sababu ya gharama ya safari: kwamba mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha atembelewe mara ya pili, tena bila taarifa, na ikiwezekana kipindi cha mwisho cha mchana ambapo watoto wana njaa. Somo la kwanza lina andalio zuri na zana mpya ukutani, na mwanachuo amevaa shati lililopigwa pasi. Ni gari la mwezi Julai. Mara nyingine ziara ya pili ilimwokoa kijana ambaye ya kwanza ilimfedhehesha. Nakumbuka mmoja, mwenye kigugumizi kila alipomwona mkaguzi, ambaye nilimkuta mchana ule watoto sabini wamemzunguka chini ya mwembe, hakuna hata mmoja anayesinzia.

Siku hizi mambo yamegeuka. Mjukuu wangu amenunua Suzuki Swift Sport, injini ya lita 1.6, gia za mkono, kutoka Japani. Hakuigusa. Aliona picha zake katika simu na karatasi ya mnada yenye alama, akalipa benki, akasubiri meli. Maelfu ya Watanzania hufanya hivyo, na wengi wao hupata gari jema, kwa hiyo siwezi kusema ni ujinga. Ni kuamini jicho la mtu usiyemjua aliyelikagua gari upande wa pili wa dunia, naye pengine alipewa dakika tano kama Sir Leonard. Nilimwuliza mjukuu wangu angefanyaje kama angelikuta bovu. Akasema, "Babu, ningetengeneza." Hilo nalo ni jibu, kwa mwenye miaka ishirini na sita na mshahara.

Lilipotoka bandarini alinipa niendeshe. Nilianza na kiganja juu ya boneti. Lina nguvu kupita Cooper yangu zaidi ya mara mbili, na katika kona za kuelekea nyumbani kwake nililisikia likishika barabara vizuri sana. Tulipofika niliinua mazulia, moja baada ya jingine, nikapapasa chini yake. Akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia maji. Palikuwa pakavu, lakini tulikuwa mwezi Septemba, nikamwomba aniite tena masika.