Maneno Yaliyobebwa Mabegani: Kutoka Ujiji Hadi Bagamoyo

Historia ya Kiswahili husomwa kwa njia mbili. Ya kwanza huanzia pwani, penye tenzi, misikiti ya mawe na majahazi, kisha huitazama lugha ikipanda bara kama mgeni anayekaribishwa. Ya pili huanzia mabegani mwa watu. Mwaka jana nilipata bahati ya kuisoma hiyo ya pili barabarani, nilipofunga safari kwa gari pamoja na rafiki yangu kutoka Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, hadi Bahari ya Hindi pale Bagamoyo. Yeye ni Mnyamwezi wa Tabora, mimi ni Mzaramo; basi tu watani, na baina ya watani hakuna neno lipitalo bila kupimwa.

Njia tuliyoifuata, ingawa barabara ya lami haiandami kila pindo lake, ndiyo iliyokuwa njia kuu ya misafara katika karne ya 19. Pembe za ndovu zilishuka; nguo, shanga na waya za shaba zikapanda. Watumwa nao walipitishwa humo humo. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakalifikia ziwa Februari 1858. Sisi tulitumia siku tatu, na tulilalamikia vumbi.

Tulipovuka mto Malagarasi kwa daraja, mtani wangu alinikumbusha kwamba misafara haikuvuka bure. Wenye nchi walidai malipo kwa kivuko, kama walivyodai Wagogo kwa njia na kwa maji ya visima vyao. Malipo hayo yaliitwa hongo. Wakati ule neno halikuwa na aibu: lilikuwa ada ya mgeni kwa mwenye nchi, ikijadiliwa mchana kweupe, doti kwa doti. Leo hongo hutolewa gizani. Neno ni lile lile. Kilichopotea ni uhalali wa yule anayepokea.

Kutoka Urambo, mji unaolihifadhi jina la Mtemi Mirambo, tuliingia Tabora, na hapo mwenzangu akawa mwenyeji. Chini ya mwembe alitoa hoja yake: "Mtani, ninyi wa pwani mlikaa na lugha barazani, babu zetu ndio walioitembeza." Sikuwa na la kumjibu upesi, kwa kuwa ushahidi uko upande wake. Wapagazi wengi wa njia hii walikuwa Wanyamwezi, watu waliofanya kazi kwa ujira. Mzigo wa mtu mmoja ulifika frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Katika kambi moja walilala watu wa lugha mbalimbali, na lugha iliyowakutanisha motoni na mizigoni ilikuwa Kiswahili. Hakikufundishwa darasani, kilijifunzwa kwa haja ya maji, ya unga na ya usalama.

Tazama pia posho. Kwa mpagazi ilikuwa kipimo cha chakula chake, ama nguo ya kununulia chakula hicho. Uganda na Kenya neno hilo likabaki jikoni, likawa unga na ugali. Kwetu limehamia ofisini. Tulipofika Dodoma, mji wa Bunge, tulicheka kwa pamoja: neno limetoka kwenye kibaba cha mtama hadi kwenye bahasha ya mkutano. Na merikani, ile nguo ya pamba isiyotiwa rangi, ilibeba jina la nchi ilikofumwa, Marekani, hadi vijiji ambavyo havikuwahi kumwona Mmarekani.

Kati ya Tabora na Ugogo lipo pori ambalo misafara iliita Mgunda Mkali. Lilikuwa kavu, na aliyeishiwa maji humo huenda asiinuke tena. Wapagazi hawakutuachia diwani, lakini mtu aliyeuita ukame "shamba kali" alikuwa na jicho la mshairi.

Ubishi wetu mkubwa ulikuwa juu ya Bagamoyo. Mtani wangu alishika maelezo yasikikayo sana siku hizi: bwaga moyo, kilio cha mtumwa anayeuacha moyo wake bara kabla ya kuvushwa Unguja. Mimi nilikitetea kitenzi. Kubwaga ni neno la mchukuzi: mzigo hubwagwa unapofikishwa. Na kubwaga moyo, katika Kiswahili cha zamani, ni kuutua, kuupumzisha. Tena, katika karne hiyo, bandari kuu ya kusafirisha watumwa kutoka Tanganyika ilikuwa Kilwa. Bagamoyo ilijulikana zaidi kwa pembe. Basi jina linaelekea kuwa pumzi ya mpagazi aliyeiona bahari, akijua kwamba ujira wake uko karibu.

Hata hivyo, hoja ya msamiati haifuti machozi ya mtu. Waliofungwa minyororo walipita Bagamoyo pia, na wao hawakuwa na ujira wa kungojea. Mtani wangu aliuliza: "Neno likisemwa na watu wawili, mmoja huru na mmoja mtumwa, maana yake ni ya nani?" Hilo ndilo swali ambalo kamusi haliwezi kulijibu peke yake. Jibu langu ni kwamba maana ya kwanza ni ya historia, na ya pili ni ya kumbukumbu. Mwandishi mwaminifu huzitaja zote mbili, wala haivishi moja vazi la nyingine.

Mji huo huo ndio uliompokea Livingstone akiwa maiti, Februari 1874, baada ya Chuma, Susi na wenzao kumbeba kutoka kijiji cha Chitambo. Ndio pia alikotoka Mtoro bin Mwinyi Bakari, mmojawapo wa waandishi wetu wa mwanzo wa nathari. Wabebaji na waandishi walikutana mahali pamoja.

Kwa hiyo, enyi malenga, tunapousifu ufasaha wa Lamu na Mombasa, tuwape na wapagazi haki yao. Pwani iliipa lugha hii vina na mizani. Njia ya bara iliipa wasemaji.