Dhiraa Moja Isiyopakwa Chokaa

Mwaka 2022 ng'ombe watano wekundu walisafirishwa kwa ndege kutoka Texas, Marekani, hadi Israeli. Habari zao zilifika mpaka kwenye simu zetu. Zikafuatwa na mahubiri, na michoro ya nyakati za mwisho, na swali ambalo kila anayeongoza kipindi cha Biblia amewahi kuulizwa: je, Wayahudi wako karibu kulijenga tena Hekalu? Mara nyingi tunalijibu kwa kuhesabu ishara. Ni nadra sana kuwauliza Wayahudi wenyewe, walioliombea Hekalu hilo mara tatu kwa siku kwa karne nyingi, wao wanaamini litajengwa na nani. Tukiwasikiliza tutakuta hawana jibu moja, na kwamba ubishi wao unatuhusu, maana ni ubishi kuhusu mahali maombi yanapoishia na kazi ya mikono inapoanzia.

Mara ya kwanza jambo lilikuwa rahisi zaidi. Hekalu la Sulemani liliteketezwa na Wababeli mwaka 586 KK, na wahamishwa waliporudi kwa ruhusa ya mfalme Koreshi walijenga madhabahu, wakaweka msingi, kisha kazi ikasimama. Ndipo wakaja manabii wawili katika mwaka mmoja, 520 KK. Hagai aliwakemea watu waliokaa katika nyumba zilizopambwa kwa mbao huku nyumba ya Bwana ikiwa magofu. Aliwaagiza wapande mlimani walete miti. Zekaria naye alimwambia Zerubabeli kwamba kazi hiyo haitatimizwa kwa nguvu za binadamu bali kwa roho ya Bwana. Kitabu cha Ezra kinawataja pamoja, pasipo dalili yoyote kwamba walipingana. Mwaka 515 KK Hekalu likakamilika.

Mwaka 70 BK Warumi waliliteketeza hilo la pili, na safari hii hakutokea Hagai wala Koreshi. Hebu tulifikirie pigo hilo vizuri. Sehemu kubwa ya Torati inahusu dhabihu, makuhani, malimbuko na madhabahu. Kwa siku moja amri hizo zote zikawa hazitekelezeki. Mtu aliyekuwa akileta sadaka ya dhambi aliipeleka wapi sasa?

Miongoni mwa walioachwa na swali hilo alikuwa Mlawi mmoja, Yoshua bin Hanania, ambaye Hekaluni alikuwa katika kundi la waimbaji. Marabi wanasimulia kwamba siku moja alikuwa akitoka Yerusalemu nyuma ya mwalimu wake, Yohanani bin Zakai, akaona magofu, akalia kwamba mahali pa kufanyiwa upatanisho wa dhambi za Israeli pamebomolewa. Mwalimu wake alimjibu kwamba asihuzunike, kwa kuwa upo upatanisho mwingine ulio sawa na huo, nao ni matendo ya fadhili. Akamkumbusha nabii Hosea, ambaye alisema Mungu anapendezwa na fadhili kuliko dhabihu. Sisi tunaijua aya hiyo kutoka kinywani mwa Bwana Yesu katika Injili ya Mathayo. Kwa hiyo katika karne ile ile Wayahudi na Wakristo waliishika aya moja, kila mmoja kwa njia yake.

Yohanani alikusanya wanafunzi katika mji wa Yavne, na huko maisha yakapangwa upya. Saa za sala zikafuata saa za dhabihu: sala ya asubuhi mahali pa mwana-kondoo wa asubuhi, sala ya alasiri mahali pa yule wa jioni. Ndani ya sala hizo yaliwekwa maombi ya kuijenga Yerusalemu na kuirudisha ibada ya Hekalu. Tuangalie maombi hayo yanamwelekea nani. Yanamwomba Mungu ajenge.

Lakini watu hawakuishi kwa sala peke yake. Wengine waliamua kutokula nyama wala kunywa divai tena. Yule Yoshua aliyelia sasa alikuwa mtu mzima, mwalimu mwenye kusikilizwa, naye akaenda kuwauliza sababu. Wakasema, tuleje nyama iliyokuwa ikitolewa madhabahuni? Tunyweje divai iliyokuwa ikimiminwa pale? Akawaambia basi wasile mkate pia, kwa sababu sadaka za unga zimekoma. Wakasema wataishi kwa matunda. Akawaambia hata malimbuko ya matunda yamekoma. Na maji je? Nayo yalimiminwa Hekaluni. Wakanyamaza. Hapo akawapa shauri: kutoomboleza kabisa haiwezekani, na kuomboleza kupita kiasi nako haiwezekani. Mtu na aipake nyumba yake chokaa, ila aache sehemu ndogo bila kupakwa. Marabi wakakadiria ukubwa wake kuwa dhiraa moja kwa dhiraa moja, nao wakasema iwe mkabala na mlango, ili anayeingia aione.

Tukipita haraka tutaiona desturi hiyo kama alama ya huzuni tu. Lakini mtu asiye na nyumba hana ukuta wa kuuacha bila chokaa. Yoshua alikuwa anawaambia waliokata tamaa wajenge, waoe, wapike, wakaribishe wageni, na ndani ya nyumba hiyo nzima wabakize kidonda kimoja wazi. Harusi ya Kiyahudi mpaka leo ina kitu kama hicho: bwana harusi huvunja bilauri kwa mguu, katikati ya shangwe, na wengi huieleza desturi hiyo kuwa kumbukumbu ya Hekalu.

Kuna simulizi la tatu juu ya Yoshua, nalo ndilo gumu kuliko yote. Linasema kwamba Warumi waliwahi kutoa ruhusa ya kulijenga Hekalu, kisha wakaigeuza. Umati uliokusanyika bondeni ukawaka hasira na kutaka kuasi. Wazee wakamtuma Yoshua, kwa kuwa alikuwa na ulimi wa hekima. Hakuwafungulia Maandiko, aliwapa hadithi. Simba alikwamwa na mfupa kooni, akaahidi ujira kwa atakayeutoa. Ndege mwenye mdomo mrefu akaingiza kichwa chake, akautoa. Alipodai ujira wake, simba akamwambia aende akajivunie kwamba aliingia kinywani mwa simba akatoka mzima. Nasi, akasema Yoshua, itutoshe kwamba tulishughulika na taifa hili tukatoka salama. Watu wakatawanyika.

Je, huo ulikuwa woga? Si rahisi kusema hivyo juu ya mtu aliyeimba katika nyumba ile na kuiona ikiwa majivu. Hakuna aliyeitamani kuliko yeye.

Rabi Akiba alifuata njia nyingine. Inasimuliwa kwamba yeye na wenzake walimwona mbweha akitoka mahali palipokuwa Patakatifu pa Patakatifu. Wenzake walilia, yeye akacheka. Kama unabii wa maangamizi umetimia neno kwa neno, alisema, basi na unabii wa Zekaria juu ya wazee watakaokaa tena katika njia za Yerusalemu utatimia. Ni imani ya ajabu, na sisi tungependa kuihubiri Jumapili bila kuongeza neno. Ila Akiba huyo huyo alimtangaza Bar Kokhba kuwa Masihi, na mwenzake mmoja akamwambia kwamba nyasi zitamwotea mashavuni kabla Masihi hajaja. Vita vya mwaka 132 hadi 135 vilikuwa vya tumaini hilo: waasi walichukua sarafu za Kirumi wakazigonga upya kwa picha ya Hekalu. Walishindwa. Yudea ikawa ukiwa, Akiba akauawa na Warumi, na Wayahudi wakapigwa marufuku kuingia Yerusalemu.

Baadaye waliruhusiwa siku moja kwa mwaka. Msafiri Mkristo aliyefika mwaka 333 aliwaona wakilia penye jiwe lenye tundu, wakilipaka mafuta na kurarua mavazi yao. Yeronimo, mtafsiri wa Biblia, aliandika kwamba iliwabidi kuwalipa askari ili waruhusiwe kulia. Inatuuma kusema kwamba aliandika hayo kwa kuridhika. Mwaka 363 kaisari Juliano, aliyeuacha Ukristo, aliamuru Hekalu lijengwe, na kazi ikaanza. Moto ukalipuka penye misingi, kama anavyoeleza mwanahistoria Amiano, ambaye hakuwa Mkristo. Mwaka huo huo kaisari akafa vitani Uajemi. Wakristo walishangilia, wakaendelea kuuacha uwanja ule magofu kama ushahidi wa ushindi wao. Waislamu ndio waliokuja kuujenga, na Kuba ya Mwamba ilikamilika karibu mwaka 692.

Katika Zama za Kati wasomi wakubwa walitofautiana waziwazi. Rashi wa Ufaransa alieleza kwamba Hekalu lijalo litashuka kutoka mbinguni likiwa limekwisha kujengwa. Maimonides, aliyefariki Misri mwaka 1204, aliandika kwamba kulijenga ni amri, na kwamba Masihi ndiye atakayelijenga. Kwa Rashi mkono wa mwanadamu hauna kazi; kwa Maimonides unayo, lakini si mkono wa yeyote tu.

Mwaka 1836 rabi mmoja wa Prussia, Zvi Hirsch Kalischer, aliona kungoja kumezidi. Alimwandikia tajiri wa ukoo wa Rothschild akimsihi ainunue nchi, au walau Yerusalemu, kutoka kwa Muhammad Ali wa Misri aliyeitawala wakati huo. Aliamini wokovu utaanza kwa juhudi za watu na kukamilishwa na Mungu, na alitaka dhabihu zirudishwe hata kabla ya Masihi. Mwalimu wake mwenyewe, Akiva Eger, alimpinga kuhusu dhabihu. Wakati huo huko Hamburg Wayahudi wa mageuzi walikuwa wamekwisha kuyabadilisha maombi ya kurudishwa kwa dhabihu, na nyumba yao ya ibada wakaiita hekalu.

Kisha ikaja Juni 1967. Askari wa Israeli waliuteka mlima wenyewe, na kwa saa chache ilionekana hakuna kizuizi tena. Waziri wa ulinzi, Moshe Dayan, akaamuru bendera iliyopandishwa juu ya Kuba ishushwe, na usimamizi wa uwanja ukabaki kwa Waislamu. Marabi wakuu nao waliwakataza Wayahudi kuingia, kwa kuwa hakuna aliye safi kwa kukanyaga mahali patakatifu pasipo majivu ya ng'ombe mwekundu wa Hesabu 19. Ndiyo sababu ng'ombe wa Texas wana maana. Taasisi iliyoanzishwa mwaka 1987 imekwisha kutengeneza vyombo, na kinara cha dhahabu kimo. Wayahudi wengine wachamungu wanayatazama hayo kwa hofu.

Na sisi tusijitoe. Agosti 1969 aliyeuchoma moto msikiti wa Al-Aqsa hakuwa Myahudi. Alikuwa Mkristo kijana kutoka Australia, aliyesadiki kwamba anafungua njia ya Hekalu na kurudi kwa Kristo. Tunapochangia na kushangilia habari za ng'ombe bila kuwajali watu wanaosali pale na watu watakaokufa pale, tunakaribia kiberiti chake kuliko tunavyodhani.

Kila mwaka, tarehe tisa ya mwezi wa Ab, Wayahudi hufunga. Jioni huketi sakafuni taa zikiwa hafifu, wakasoma Maombolezo. Kesho yake adhuhuri huinuka na kukaa vitini, ingawa saumu haijaisha. Na katika baadhi ya jamii zao akina mama, alasiri ile ile, wakiwa bado na njaa, huchukua ufagio wakafagia nyumba, kwa sababu ilifundishwa tangu kale kwamba Masihi huzaliwa siku hiyo.