Nyumba ya Kumbukumbu ya Vita na Wapagazi wa Ruponda

Neno makumbusho latokana na kitenzi kukumbusha, wala si kukumbuka. Kukumbuka ni kazi ya moyo wa mtu mwenyewe. Kukumbusha ni kazi ya mtu kwa mwenziwe. Kwa hiyo nyumba ya makumbusho haiwezi kuwako pasipo mtu wa kusema na mtu wa kusikia. Basi yafaa tuulize: katika vita vya 1914 hadi 1918, ni nani aliyepata wa kumsemea, na ni nani aliyekosa?

Ziko nchi ambako askari wazee walijengewa nyumba ya kukutania. Katika mji wa Aurora, Illinois, huko Marekani, waliopigana vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 walipata ukumbi wao mwaka 1878. Humo walikaa wakihadithiana. Na walipokwisha kufa, ukumbi ukawa makumbusho ya vita vyao. Mazungumzo yalitangulia, vitu vikafuata.

Ruponda nayo iliviona vita. Mwaka 1917 Jenerali von Lettow-Vorbeck alikuwa amesukumwa mpaka kusini ya nchi, naye aliweka Ruponda akiba kubwa ya chakula. Tarehe 10 Oktoba Waingereza waliotoka upande wa Kilwa wakaitwaa Ruponda pamoja na akiba ile. Siku chache baadaye, tarehe 15 hadi 18 Oktoba, yakawa mapigano makali ya Mahiwa. Wajerumani hawakushindwa pale, na Waingereza walipoteza watu zaidi ya 2,000, waliouawa na waliojeruhiwa. Lakini jeshi lisilo na chakula halikai. Tarehe 25 Novemba Lettow-Vorbeck akavuka mto Ruvuma kuingia nchi ya Wareno.

Tuangalie akiba ile. Nafaka haikujipeleka ghalani. Ililimwa na wanavijiji, ikachukuliwa kwao, ikabebwa vichwani mwa watu. Na waliowafuata Wajerumani walibebewa vivyo hivyo. Wataalamu wa historia wakadiria kwamba upande wa Waingereza peke yake walikufa wapagazi zaidi ya 90,000, walio wengi kwa maradhi na njaa, si kwa risasi.

Lugha yetu imehifadhi habari za wote wawili, ila si kwa kipimo kimoja. Askari ana maneno mengi. Jina lake lenyewe ni la Kiarabu. Na vyeo vya ombasha na shaushi ni vya Kituruki, vilivyokuja na Wasudani walioandikwa na Wissmann mwaka 1889. Mpagazi ameachiwa Kariakoo, jina lililotokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wachukuzi. Leo watu huenda huko Dar es Salaam kununua na kuuza, na wachache hufikiri kwamba wanataja jina la watu waliokufa chini ya mizigo.

Hata heshima ilitolewa hivyo. Sanamu iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 ina maneno ya kuwakumbuka wapagazi pamoja na askari. Lakini umbo lake ni la askari mwenye bunduki. Mwaka 1964 Ujerumani ya Magharibi iliamua kuwalipa askari wake wa zamani waliokuwa hai. Yasimuliwa kwamba huko Mwanza wazee wasio na hati walipewa ufagio mahali pa bunduki, wakaamriwa kwa Kijerumani, na kila mmoja akatenda barabara. Ushahidi wao ulikuwa mwilini. Lakini mpagazi angetoa ushahidi gani? Mzigo hauna amri za kukaririwa.

Mtu asiseme kwamba kazi hii haiwezekani kwetu. Songea iko makumbusho ya Maji Maji, iliyofunguliwa mwaka 1980, mahali walipozikwa viongozi wa Wangoni walionyongwa tarehe 27 Februari 1906. Mwaka 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika pale akaomba msamaha. Hakuja kwa sababu ya mawe na sanamu tu. Alikuja kwa kuwa wajukuu hawakuacha kuyataja majina ya babu zao.

Wapagazi wenyewe wamekwisha kufa wote, wala hawakuwa na ukumbi wa kuketi pamoja. Lakini wajukuu wao wako, na mwalimu na padre waingia nyumbani mwao kila juma. Na waulize mambo matatu: babu alichukuliwa wapi, alibeba nini, na ni nani aliyeondoka naye asirudi. Waandike jina kama linavyotamkwa na wenyeji, pamoja na kijiji na ukoo, kwa sababu orodha za vita mara nyingi zilipotosha majina, na mishahara ya wafu wengi ikakosa wa kuipokea. Daftari ya namna hiyo haihitaji jengo. Siku jengo litakapopatikana, litakuta maneno yamekwisha kuwekwa tayari. Na likikosekana, aliyekufa njiani atakuwa amepata wa kumsemea.