Mwonekano si jedwali

Katika hifadhidata, mwonekano ni amri ya kuuliza iliyopewa jina. Shule yenye jedwali la wanafunzi na jedwali la malipo huweza kuyaunganisha kwa SELECT, ikachuja wanaodaiwa ada, na kuiita amri hiyo wenye_deni. Tangu hapo mhasibu huandika wenye_deni kana kwamba ni jedwali, ingawa hakuna data iliyonakiliwa popote: kila anapouliza, amri ileile huendeshwa upya juu ya majedwali yenyewe.

Mafundi wengi husema viu. Wengine hupendelea jedwali pepe, na hilo ndilo nisilolikubali, kwa sababu linamfanya mtu atarajie mambo ambayo jedwali pekee ndilo lililo nayo.

Chukua JDBC, njia ambayo programu za Java huitumia kuwasiliana na hifadhidata. Ina mbinu iitwayo getIndexInfo: ukiipa jina la jedwali, inakuorodheshea faharasa zake, ziko juu ya safuwima zipi, kwa mpangilio gani, na ipi hairuhusu thamani kujirudia. Kiendeshi cha Oracle kimejulikana kwa kutanguliza amri ya ANALYZE TABLE kinapoombwa takwimu kamili badala ya makadirio. Jina likiwa la mwonekano, amri hiyo inagonga mwamba kwa kosa ORA-01702, yaani mwonekano haufai hapa. Zana inayokagua skima nzima hukatika hapohapo, na majedwali yaliyokuwa yakisubiri zamu hayaguswi.

Hifadhidata haikukosea. Faharasa huelekeza mahali safu ilipohifadhiwa, na mwonekano haujahifadhi safu hata moja. Unaposomwa, faharasa zinazofanya kazi ni za majedwali ya chini yake. Kosa ni la kiendeshi, kilichopaswa kurudisha orodha tupu. Kwa mwandishi wa programu, kinga ni kuita getTables kwanza, kusoma aina ya kila jina, kisha kuuliza faharasa za majina yaliyoandikwa TABLE tu, si VIEW.

Upo pia mwonekano uliohifadhiwa, na kivumishi hicho kisiachwe. PostgreSQL imekuwa nao tangu toleo la 9.3 la mwaka 2013: matokeo huandikwa kwenye diski, hubaki yalivyo mpaka yaburudishwe kwa amri, na faharasa huwekwa juu yake kama kawaida.