Mtoto wa Maskini na Kiti cha Rubani: Historia Ambayo Hatukufunzwa Shuleni

Tukiwa wadogo, ndege ikipita juu ya mtaa tulikuwa tunatoka mbio nje kuipungia mikono. Hata kama ugali uko mezani, utangoja. Mwalimu akiuliza nani anataka kuwa rubani, nusu ya darasa mikono iko juu. Sasa niambie, katika darasa lenu wangapi walifika? Letu alifika mmoja, na huyo mmoja leo anauza simu mjini. Leseni yake ya urubani iko kwenye sanduku chini ya kitanda.

Nitarudi kwake. Kwanza twende nyuma, kwa sababu hii stori ilianza kitambo kabla yetu.

Tuanzie Njoro. Msichana wa Kizungu anaitwa Beryl aliletwa Kenya akiwa na miaka minne hivi, akalelewa kwenye shamba la babake. Rafiki yake wa kucheza alikuwa mvulana wa Kinandi, Kibii, ambaye baadaye alijulikana kama arap Ruta. Shamba ni lile lile, michezo ni ile ile. Walipokuwa watu wazima, Beryl akawa anafunza farasi wa mashindano, na Ruta akawa mfanyakazi wake. Umeona vile mambo yalibadilika pole pole?

Mwaka wa 1929, mjane mmoja mlowezi, Florence Kerr Wilson, alianzisha kampuni ya ndege Nairobi, Wilson Airways. Ndiyo maana hadi leo tunasema Wilson Airport. Rubani wake, Tom Campbell Black, ndiye aliyemfundisha Beryl kuruka. Kufikia 1933 Beryl, ambaye dunia inamjua kwa jina la Beryl Markham, alikuwa na leseni ya kurusha ndege kwa malipo. Alibeba abiria na barua, na akawatafutia wawindaji ndovu kutoka angani. Septemba 1936 alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza. Injini ikamzimia karibu na nchi kavu, akatua kwa kuanguka huko Cape Breton, Canada, na akatoka hai. Shujaa, hilo sipingi.

Na Ruta je? Alimfuata Beryl kutoka kwa zizi la farasi hadi kwa ndege. Beryl mwenyewe amemwandika kwa heshima kwenye kitabu chake. Alizihudumia zile ndege na akazijua. Lakini leseni ilikuwa ya mmoja.

Usiniambie ati ni kipaji. Hawa walikua pamoja. Saa za kuruka zinagharimu pesa, na enzi hizo pesa na sheria zote zilikuwa upande mmoja.

Sasa ruka hadi 1946. East African Airways inaanzishwa, mali ya serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Mwanzoni usukani ulishikwa na Wazungu. Baada ya uhuru swali likawa moja: tutawapata wapi marubani wetu? Mwaka wa 1971 nchi zetu tatu zikapata jibu la pamoja, chuo cha urubani Soroti, Uganda. Hebu fikiria hiyo akili. Mtoto wa Kisumu, wa Mwanza na wa Mbale wanaingia darasa moja, na gharama inabebwa na umma kwa sababu umma ndio unahitaji rubani.

Haikudumu. Mwaka wa 1977 Jumuiya ikavunjika, na East African Airways ikaenda nayo. Kenya tukaunda Kenya Airways mwaka huo huo. Chuo kikabaki Soroti, upande wa pili wa mpaka. Watu wakibishana kuhusu 1977 huwa wanahesabu ndege na madeni. Mimi nahesabu ile shule.

Linganisha na majirani zetu. Ethiopian Airlines ilianza safari zake mwaka huo huo wa 1946, na marubani wake wa kwanza walikuwa Wamarekani. Kufikia 1957 walikuwa na kepteni wao wa kwanza Mwethiopia, Alemayehu Abebe. Wakajenga chuo ndani ya shirika lenyewe, na hadi leo wanafunza watu wao na wa nchi nyingine. Wao walishika shule. Sisi tulishika bendera.

Turudi kwa rafiki yangu. Mamake aliuza robo ekari, wajomba wakachanga, harambee ikafanywa kanisani. Alisoma, akapita uchunguzi wa daktari, akapata leseni ya biashara na saa zake 200 hivi za kuruka. Kisha akaanza kubisha milango. Kila kampuni inataka saa ambazo hana, na hizo saa hawezi kuzipata bila kuajiriwa. Wenye bahati hupata kazi ya kurusha zile ndege ndogo za kupeleka watalii Maasai Mara ama miraa Somalia, wakijumlisha saa hadi wakaribie zile 1,500 za leseni ya juu kabisa. Yeye hakuwa na mtu wa kumshika mkono. Mamake akisikia ndege ikipita siku hizi hainui kichwa.

Wanaofika wanafika kwa bidii, hilo liko wazi. Irene Koki Mutungi alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa rubani Kenya Airways, na baadaye mwanamke Mwafrika wa kwanza kuwa kepteni wa Boeing 787. Babake pia alikuwa rubani. Sisemi hivyo kumpunguzia, kwa sababu hakuna baba anayekushikia usukani futi elfu arobaini juu. Nasema mlango aliujua mapema. Mtoto wa mtaani kwetu hajui hata uko ukuta gani.

Na ndani ya huo mlango pia si asali tu. Marubani wa Kenya Airways walipogoma Novemba 2022 wakidai mchango wa akiba yao ya uzeeni, mtandaoni tuliwatusi sana. Ati wana mishahara mikubwa, wanalia nini? Mimi pia niliandika upuzi siku hiyo, nakiri. Sikuwa nimefikiria kwamba mtu huyu anapimwa afya na kufanyishwa mtihani mwaka baada ya mwaka, na kidonda kimoja cha jicho kinaweza kufunga kazi yake yote.

Maoni yangu ni haya. Jeshi letu la wanahewa linafunza marubani kwa pesa za umma, kwa hivyo usiniambie haiwezekani. Tufunze na raia kwa mtihani wa haki, serikali na mashirika ya ndege yalipe, na kijana afunge mkataba wa kutumikia miaka kadhaa. Kama tuliweza kuliwazia jambo hili mwaka wa 1971 tukiwa na mifuko mitupu, leo kisingizio ni gani?

Arap Ruta alibaki chini kwa sababu ya sheria za mkoloni. Rafiki yangu amebaki chini tukiwa huru miaka sitini na zaidi. Nani anamjua kijana mwingine mwenye leseni iliyolala sandukuni? Niandikie hapa chini, tuwahesabu.