Neno moja, safari tatu

Neno la kwanza la Kiingereza nililolijua ni "settlement". Lilikuwa kwenye kibao cha Ulyankulu, mkoani Tabora, nilikozaliwa. Sisi tuliliita makazi, na kwangu mimi maana iliishia hapo.

Baba ni mtu wa Magara. Aprili 29, 1972 vita vililipuka upande wa Rumonge, jeshi likalipiza kwa mauaji nchi nzima. Babu akawapakia watoto kwenye mtumbwi usiku, wakaambaa na ziwa mpaka Kigoma. Serikali ya Tanzania iliwapa wakimbizi wa mwaka ule mapori ya kulima: Ulyankulu, Katumba, baadaye Mishamo. Hayo ndiyo yaliyoitwa "settlement".

Mwaka 2008 tulirudi. Shamba la michikichi la babu tukalikuta na mwenyewe mwingine, naye ana watoto na wajukuu juu yake. Kesi za namna hii zilijaa pwani yetu yote. Tume ya taifa ya ardhi, iliyoundwa mwaka 2006, mara nyingi ilihimiza pande mbili zigawane.

Siku moja shirika fulani likatuletea karatasi ya Kiingereza. Baba akaniambia, "Soma, si wewe ndiye msomi?" Nikaona "settlement". Nikajitia mjuaji: "Baba, wanataka kutupeleka kwenye makazi mengine." Mzee akakasirika, akasema hatoki tena Magara. Siku ya kikao hakwenda. Kumbe kilikuwa kikao cha kusuluhisha ugomvi wetu na yule jirani! Tulikaa mwaka mzima kwa shangazi tukingoja kuitwa tena.

Ukweli ni kwamba karatasi yenyewe ilinieleza. Kabla ya lile neno palikuwa na "dispute", yaani ugomvi. Baada yake palikuwa na "between", yaani kati ya, halafu majina mawili: la baba na la jirani. Makazi hayawi kati ya watu wawili. Ningeuliza majirani wa lile neno, wangeniambia.

Na sisi Waswahili tunafanya hivyo kila siku. Ukisikia "paa linavuja" huangalii mnyama porini. Ukisikia "ndege imepaa" hutafuti magamba ya samaki. Neno linajulikana kwa walio karibu nalo.

Mwaka 2015 tukakimbia tena. Tulilala Kagunga, ufukweni, maelfu ya watu, kipindupindu kikiua, mpaka meli ya Liemba ikatuchukua hadi Kigoma, na toka hapo Nyarugusu. Hapa nimekutana na neno langu limeongezwa kichwa: "resettlement", kupelekwa kuishi nchi ya tatu, kama Marekani au Kanada. Siyo kuhamishwa kambi, siyo kurudishwa nyumbani. Nimewaona watu wakilia mbele ya ubao wa matangazo kwa kuchanganya haya matatu.

Ndugu zetu wa mashirika, mkituandikia, wekeni sentensi nzima, msituachie neno peke yake. Nasi tusione haya kuuliza kabla ya kutia dole gumba.

Juzi mama mmoja jirani aliniletea karatasi. Ilikuwa na "case" mara nne. Nilimwomba akae, nikaisoma yote mara mbili, ndipo nikamwambia inasema nini.